Mahali pa Kuzeekea Mwamini binti Waziri

Jina lake kamili ni Mwamini binti Waziri wa Radjabu, wa Buyenzi, avenue ya tisa, Bujumbura. Babu yake Radjabu alikuja kwa miguu kutoka Ujiji na mzigo wa chumvi kichwani, na kisima cha kwanza cha mtaa wao alikichimba yeye. Baba yake Waziri alikuwa fundi cherehani. Ule mwaka mbaya wa mauaji, watu walipolala barabarani na hakuna wa kuwagusa, alikata vitambaa vyote vya dukani vikawa sanda, asiulize huyu ni wa nani. Mama yake aliosha maiti za wanawake wa mtaa mpaka mikono ikakataa. Mwamini akaipokea kazi hiyo akiwa na miaka kumi na tisa. Aliwaosha Buyenzi, akawaosha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na tangu tufike hapa Bruxelles, Ubelgiji, anawaosha wetu wanaofia hospitalini. Naandika haya kwa sababu watoto wa hapa wanamjua tu kama yule bibi anayekohoa.

Na kukohoa anakohoa kweli. Miaka ishirini na sita alisafisha maofisi kwenye yale maghorofa ya stesheni ya Gare du Nord, anaingia alfajiri, anatoka wenye ofisi wakiingia. Zile dawa za sakafu zilimla kifua. Anakaa nyuma ya stesheni nyingine, Gare du Midi, nyumba ya chini, ukuta una ukungu hata ukipaka rangi mara ngapi. Mwaka juzi daktari alimwambia wazi kwamba akipitisha baridi nyingine mbili tatu ndani ya nyumba ile, yeye hawezi kumuahidi kitu.

Habari ya Uturuki ililetwa na mwanawe Hamza. Alikuja na simu mkononi, anamwonyesha picha.

"Maman, tazama pwani ya Uturuki. Jua lipo, misikiti ipo, na pension yako kule inatosha. Hii ni Alanya. Appartement ina piscine."

"Piscine ya nini? Mimi bata?"

"Si lazima uogelee, maman. Unaiangalia tu."

"Maji ya kuangalia ninayo hapa, yanashuka ukutani."

Binti yake Aïcha, ambaye ni muuguzi, alicheka, lakini naye alikuwa upande wa Hamza. Bon, wakakubaliana: akapange kule mwezi mmoja, ajaribu. Akipapenda, nyumba ya Midi inarudishwa kwa mwenyewe, na nyumba ya namna ile ukishaiachia huipati tena. Mimi nikaambiwa nimsindikize, kwa kuwa tulikaa benchi moja tangu darasa la kwanza mpaka la sita.

Sitasema uongo, jua lilikuwepo, na ilikuwa Februari. Siku ya tatu kikohozi kilipungua. Mwamini akalala chali, jambo ambalo sikumwona akilifanya miaka mingi. Lakini lile jengo! Ghorofa sita, nusu ya madirisha yamefungwa, wenyewe wanakuja kiangazi. Liko juu ya kilima: kwenda sokoni unateremka vizuri, kurudi unapumzika mara nne. Mwamini alimsalimia kila mtu kwenye lifti. Mwanamke wa Kirusi mwenye kijibwa akawa anatazama vitufe vya lifti tu.

"Salamu imemshinda," nikamwambia.

"Mwache. Labda mbwa ndiye mwenye kusema nyumbani kwao."

Siku ya kumi na mbili, mwanamke wa ghorofa ya tatu alichukuliwa na gari la wagonjwa. Kesho yake mlinzi wa mlangoni akatuambia kwa simu ile inayotafsiri kwamba amefariki. Mama mzee, Mwislamu wa Kazakhstan, alikuwa akiishi peke yake. Watoto wake wako njiani.

Kwetu jirani akifa hungoji kualikwa. Mwamini akachukua ndoo, sabuni mpya, vitambaa vyeupe, na kafuri anayosafiri nayo kama wengine wanavyosafiri na dawa ya kichwa. Akajifunga kanga kiunoni. Tukateremka. Alidhani maiti italetwa nyumbani, kama kwetu, na majirani watakuwa wamejaa mlangoni.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo msimamizi wa jengo tu, mwanamke mwenye funguo nyingi. Alipomwona bibi mweusi na ndoo yake alifurahi kweli. Akamwonyesha sakafu, akamwonyesha jiko, akamwonyesha choo, kisha akagonga saa yake kwa kidole, maana yake fanya haraka, akatoka.

"Mwamini," nikamwambia, "huyu anadhani umekuja kusafisha."

"Nimemuona."

"Alors, tuondoke!"

"Tuondoke tuiache nyumba ya msiba hivi? Wewe fungua dirisha."

Akapiga deki. Yeye, aliyeapa siku ya pension kwamba hatashika deki ya mtu tena. Mezani kulikuwa na glasi ya chai, imenywewa nusu. Akaiosha, akaifunika. Viatu vya ndani vya yule marehemu akavipanga mlangoni, vinatazama nje. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Yeye hakulia.

Msimamizi aliporudi, Mwamini akaandika kwenye simu kwa Kifaransa, simu ikasema Kituruki: "Nani atamuosha?"

Yule mwanamke akatazama ndoo, akatazama kafuri, na hapo ndipo alipoelewa. Akaweka mkono kifuani, uso ukamwiva kwa haya. Akaeleza kwamba kuosha ni kazi ya manispaa. Wapo wanawake walioajiriwa, wanaijua kazi, wanaifanya kwa heshima, ila mtu wa nje haingii.

Mwamini akaandika tena: "Walimjua?"

Simu ikasema. Mwanamke akainamia funguo zake.

Hata hivyo Mwamini hakukataa Uturuki siku ile. Alisema pwani ni ndefu. Tukapanda basi tukaenda Mersin, karibu siku nzima, na wakala wa nyumba akatupokea. Tulipopita mtaa mmoja wa zamani, wanawake walikuwa wamekaa nje wanamenya njegere. Mmoja akamletea Mwamini kigoda, hata jina hakuuliza. Mwamini akakaa, akachota njegere, akamenya.

"Ni hapa," akaniambia. "Hapa mtu akikohoa wanajua."

Wakala akatikisa kichwa. Mtaa ule umefungwa kwa wageni wapya, serikali inasema wameshazidi, anwani ya pale haitampa karatasi za kukaa. Lakini nje ya mji, akasema, kuna majengo mapya mazuri, marefu, yana piscine. Mwamini akamaliza njegere zilizokuwa mkononi, akainuka, akakirudisha kigoda mwenyewe mpaka mlangoni.

Tuliporudi Bruxelles mvua ilikuwa inanyesha. Hamza alikuwa ametandika karatasi mezani za kuweka saini.

"Donc, maman, umechagua wapi?"

"Hapa."

"Hapa kwenye ukungu? Umechagua kufa!"

"Kufa hakuchaguliwi, Hamza. Toa karatasi zako, nataka kuweka sahani."

Hamza hakuja kwake miezi miwili. Baridi yenyewe ilikuja kama daktari alivyosema. Tangu Novemba Mwamini ana mashine ya hewa kando ya kiti, na mrija wake unafika mpaka jikoni, hauvuki hapo.

Alhamisi iliyopita hospitali ilipiga simu. Maman Pili, mwenzetu wa mtaa wa Molenbeek, amefariki, hana ndugu huku. Mwamini akainuka, akakaa tena. Akamwita Aïcha, ambaye siku zote akisikia habari ya maiti hutafuta zamu kazini.

"Utakwenda wewe."

"Maman, mimi nagusa watu walio hai. Hii siiwezi."

"Nilimwambia mama yangu maneno hayohayo. Akanipa jagi, akatoka nje."

"Nikikosea je?"

"Anza upande wa kulia. Maji yawe ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya mtoto. Usimfunue wote. Na uongee naye, usikae kimya kama unayeosha vyombo."

Akamwekea sanda mapajani, na kafuri juu yake. Aïcha akavishika vyote viwili.

"Goti lake la kushoto lilikuwa bovu," Mwamini akasema. "Ulinyooshe polepole."