Dakika Moja ya Kumlilia Mtu Hai

Nilitoka Kangemi kwenda Kileleshwa kutafuta mtu wa kunirudishia mume. Musyoka aliambiwa anaenda ng'ambo kulinda bohari. Kufika, akapewa bunduki na kusukumwa kwenye vita ambavyo hata wenyewe wanaopigana hawajui chanzo chake. Nikaandika kisa chake. Kikundi fulani cha wapinga vita kikakipenda, kikanialika jioni ya kusoma hadithi, kikaniambia kwamba afisa wa mambo ya nje atakuwepo. Hapo ndipo nilipochana nywele.

Kabla sijatoka, mama mkwe alinifunga mtoto mgongoni. "Mwambie huyo afisa mwanangu anaganda kwa baridi. Jumanne kwa simu alisema hahisi vidole. Usisahau, Mama Baraka."

Alasiri niliteremka kwa miguu hadi Westlands, kisha nikapanda bodaboda. Langoni Kileleshwa, mlinzi akauliza nimekuja kufua nguo nyumba gani.

"Leo sifui. Leo nasomwa."

Ghorofa ya tano, vita vilikuwa vikipingwa kwa sambusa na divai. "Jisikie nyumbani, mpenzi," akasema mwenyeji, Madam Njeri. Nyumbani kwangu mguu hauzami kwenye zulia, lakini nilijitahidi.

Kisa alikisoma yeye, kwa sauti tamu ya kanisani. Mwishoni Musyoka akafa kwenye theluji. Mimi sikuandika hivyo!

"Nimekiongezea uzito kidogo," akaninong'oneza. Kisha kwa wote: "Tusimame dakika moja, tumkumbuke."

Wakasimama. Afisa naye, akipangusa macho. Kwetu mtu hai haliliwi. Kumlilia ni kumwita kaburini.

"Kaeni chini!" Mtoto akaamka akilia. "Musyoka hajafa!"

Afisa akanitazama. "Kumbe ni mtu wa kweli?"

"Ni babake huyu."

Machozi yalimkauka papo hapo. "Basi hilo ni suala la ofisi, mama. Njoo Jumatatu."

Usiku nilirudi Kangemi na sambusa mbili na elimu: aliyekufa hadithini analiliwa leo, anayeganda vitani angoje ofisi ifunguliwe.

"Umemwambia?" mama mkwe akauliza.

"Nimemwambia, mama. Amelia sana."

Jumatatu asubuhi, mjini, askari wa mlango wa wizara alinizuia. "Afisa yuko mkutanoni. Unataka nini?"

"Mume wangu. Akiwa hai."

Nikaketi katikati ya ngazi, nikamnyonyesha mtoto. Wenye haraka waturuke.