Honi Niliyosema Ni Yangu

Krr, krr. Mpaka leo nasikia zile kokoto za reli zikisagika chini ya raba za Teacher Tabitha, akirudi nyuma. Alirudi kwa sababu mimi ndiye nilimwambia arudi.

Makosa ni yangu. Naanza na hilo ndiyo mtu asije akanitetea huko mbele.

Jina langu sitaandika, na hilo la Teacher nimelibadilisha. Lakini watu wetu wa huku Njoro wakisoma watajua. Wajue tu! Nimechoka kuambiwa pole kwa kitu ambacho nilikifanya mimi mwenyewe.

Wacha niwarudishe nyuma kidogo. Kwetu ni upande wa juu wa reli, na nasari ya Teacher ilikuwa upande wa chini. Asubuhi alikuwa anakuja kutuchukua pale pa kuvukia, na mchana anaturudisha. Kila upande alikuwa amepanga mawe na kuyapaka chokaa yeye mwenyewe. Ukifika kwa mawe meupe, miguu inakufa hapo. Teacher anaweka mkono nyuma ya sikio, na sisi wote tunaweka mkono nyuma ya sikio. Tunasimama, tunatazama, tunasikiliza. Hata kukiwa kimya namna gani, hakuna mtoto alikuwa anainua mguu mpaka aseme, "Vukeni, wanangu."

Na Ijumaa, woi, Ijumaa! Ijumaa ilikuwa ya video.

Teacher alikuwa anatoa televisheni yake ndogo nyumbani, bado ina kile kitambaa cha kushona kwa mkono juu, anaiweka kwa meza, anafunga pazia. Video ilikuwa moja tu. Watu wa reli waliwahi kupitia mashuleni wakifunza watoto mambo ya treni, wakamwachia. Kulikuwa na mzee mwenye kofia na bendera mbili, nyekundu na kijani. Kulikuwa na watoto wa sweta za manjano wakiimba. Halafu honi. Pooo! Po! Pooo! Tulikuwa tunajua honi ile kuliko tunavyojua sala.

Na kulikuwa na mbuzi. Mbuzi wa kuchorwa, mwenye ndevu, anakula nyasi katikati ya reli. Honi inalia, yeye anatafuna tu. Darasa zima tunasimama juu ya viti: "Mbuzi toka! Mbuzi we, toka!" Hakuwa anatoka. Treni inapita, unaona tu kengele yake imebaki kwa nyasi. Mimi nilikuwa nalia kila Ijumaa. Nilikuwa naamini tunapiga kelele kidogo, na kwamba siku moja tukipiga vizuri atasikia.

Teacher alikuwa ananifuta machozi na leso yake. "We kasichana, huyo mbuzi ni wa karatasi. Hizo kelele ziweke. Siku moja utazihitaji kwa mtu."

Jamani! Hebu mrudie hayo maneno.

Basi nikakua. Shule haikuenda mbali, nikaingia saluni ya hapa karibu, kuosha watu nywele na kusuka. Lakini kichwani nilikuwa na ndoto yangu: kipindi cha watoto. Mimi na wimbo, mimi na vikaragosi nilivyoshona na soksi, watoto wa Kenya nzima wakinijua. Nilikuwa narekodi na simu, narusha mtandaoni, watu kidogo wanacheka, basi. Nilikuwa nafurahi hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa kufurahi haraka.

Siku moja nikarekodi nikiongea tu juu ya ile video ya treni. "Nani anakumbuka mbuzi?" Wee! Watu walijaa. Watu wazima, wengine wako Uarabuni wanafanya kazi, wanaandika, "Huyo mbuzi aliniumiza roho!" "Teacher bado yuko?" "Tuonyeshe Teacher!"

Nikaenda kwa Teacher nikiruka ruka. Alikuwa amezeeka, sikio moja lilikuwa limekataa kazi, lakini nasari ilikuwa bado inaendelea na mawe yalikuwa bado meupe. Akanipa ile sidii ya video ya treni, imekwaruzwa hadi inatia huruma. Nikaipeleka kwa fundi mjini Nakuru. Akaniambia, "Madam, picha imekufa. Sauti ndiyo naweza kukutolea." Nikachukua sauti. Nikajiambia, picha nitatengeneza mwenyewe, na Teacher mwenyewe ndani.

Tulienda Jumamosi mchana. Teacher alivaa ile sweta yake ya kanisa na akabeba bendera nyekundu. Nilikuja na spika yangu ndogo, ile ya saluni, nikaiweka juu ya jiwe na kuifungulia ile sauti ya zamani. Watoto wakaanza kuimba kutoka kwa spika. Teacher akashika mdomo.

"Wai! Hawa watoto mpaka leo hawajazeeka?"

"Ni wewe tu na mimi, Teacher."

"Wewe nyamaza, wewe bado unanuka maziwa."

Tukacheka. Alikuwa na furaha ile siku, lazima niseme hilo pia.

Shida ilikuwa picha. Pale kwa mawe meupe alikuwa amekaa karibu sana na mimi, na reli haionekani. Nikamwambia asimame nyuma ya mawe, upande wa reli.

"Hapana. Hayo mawe mimi ndiye niliyaweka."

"Teacher, ya mizigo ilishapita asubuhi."

Ngoja niwaeleze hapo, kwa sababu ndipo sisi watu wa kando ya reli tunapotea. Tukishaona treni ya mizigo imepita, reli inakuwa yetu. Tunaanika mahindi hapo, ng'ombe wanalala hapo, wanafunzi wanapita katikati wakisoma simu. Hakuna mtu anakumbuka troli, kile kigari kidogo cha watu wa kukagua reli. Hakina saa. Kinatoka tu kwa ile kona yenye mikaratusi, na injini yake ni kama ya pikipiki.

Teacher akaniangalia, akaangalia mawe. Akavuka mawe. Kwa ajili yangu tu.

Nikainua simu. Uso wake ulijaa kwa skrini, bendera imekatwa juu. Kwa spika, honi ikalia. Pooo! Po!

Halafu honi ikalia tena.

Teacher akaweka mkono nyuma ya lile sikio zima. Akauliza, na uso ukabadilika kidogo: "Hiyo ni yako ama ni ya kweli?"

Na mimi, macho kwa skrini, nikamjibu, "Ni yangu, Teacher! Rudi nyuma kidogo, bendera haionekani."

Krr, krr.

Troli ilitoka kwa kona. Wanaume waliokuwa juu yake walikuwa wamekanyaga breki, na honi bado inalia. Niliiona kwa skrini kabla niione kwa macho. Na sauti haikutoka! Mbuzi wa kuchorwa nilimpigia kelele utoto wangu mzima. Teacher wangu, mdomo ulikauka kabisa.

Ilimpiga nyonga ikamtupa kwa nyasi. Hakufa. Mungu ni nani! Alilala pale akiwa ameshikilia bendera, na spika bado inaimba, wale watoto wa sweta za manjano wanaimba tu.

Sasa mnafikiri hayo ndiyo makosa yangu. Hapana. Hayo yalikuwa ujinga. Makosa yanakuja.

Wale wa troli walisema ukweli wao: "Tulipiga honi mapema. Mama alisikia, akageuza hata kichwa, na bado akarudi nyuma." Watu wakaniuliza mimi. Nikasema tulikuwa tunapiga picha tu, nikashangaa kumwona anarudi nyuma. Spika nilikuwa nimeshaificha kwa mkoba. Ile video niliyorekodi siku hiyo nilikuwa nimeificha ndani ndani ya simu.

Hospitalini nilimkuta na binti yake Chebet, aliyekuwa ametoka Eldoret usiku uleule. Alikuwa anamlisha uji. Teacher aliponiona akataka kuinuka.

"We kasichana, hebu niambie. Honi ilipolia, nilikuuliza kama ni ya kweli. Sikukuuliza?"

Chebet akasimamisha kijiko. Akaniangalia.

Nilikuwa na nafasi. Ndogo, lakini ilikuwepo.

"Hapana, Teacher," nikasema. "Hukuuliza kitu."

"Sikuuliza?"

"Hukuuliza."

Akarudisha kichwa kwa mto polepole. "Ai. Na vile naikumbuka."

Nje kwa veranda Chebet alinikumbatia. Alinikumbatia! "Asante kwa kukaa na yeye pale kwa nyasi. Nilikuwa najua mama anazeeka, sikujua imefika hapa. Anakumbuka vitu ambavyo havikutokea." Nami nikampigapiga mgongo. Nikamwambia, "Ni uzee, dada. Usijali."

Kwa saluni walimcheka. Watu wa kwetu wanacheka chochote.

"Teacher wa treni amegongwa na troli! Si ndiye alitufunza kuvuka?"

"Akili imeruka, wee. Honi inalia na yeye anaangalia tu."

"Kama yule mbuzi!"

Saluni yote ikaanguka kicheko. Na mimi, nikiwa na kitana mkononi, nikacheka pia. Nikacheka hadi yule niliyekuwa namsuka akaniambia nimtulizie kichwa.

Wazazi wakaanza kutoa watoto nasari. Mzazi gani atamwachia mtoto mtu asiyesikia honi? Mwishowe Chebet akaifunga, akaja na gari kumchukua mama yake akaishi naye. Nilienda kuwaaga. Nilisaidia kubeba magodoro ya wale watoto wa kulala mchana. Televisheni ile ndogo waliipa jirani.

Gari lilipofika kwa reli, dereva alisimama. Kioo kilikuwa chini, na mimi nilikuwa nimesimama hapo kando nikipunga mkono kama mtu mwema.

Chebet akasema, "Mama, hakuna kitu. Si unasikia kuko kimya?"

Teacher akaweka mkono nyuma ya sikio, kisha akautoa. "Uliza huyo dereva," akasema. "Mimi siwezi kujua."

Mimi siwezi kujua! Mtu aliyevusha kijiji kizima! Hata mguu mmoja wa mtoto hakuwahi kuupoteza, na ni mimi niliyempokonya masikio yake. Troli ilichukua nyonga tu.

Nilirudi nyumbani nikaifungua ile video. Inasikika wazi kabisa. "Hiyo ni yako ama ni ya kweli?" Halafu sauti yangu, tamu, ya furaha, ile ya kipindi cha watoto. Nilikaa nayo siku nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Halafu nikamtumia Chebet yote, bila kukata kitu, na chini yake nikaandika: aliniuliza.

Alinipigia simu kesho yake. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Nimemfungulia hiyo video," akasema. "Nimemwekea karibu na sikio."

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Kumbe niliuliza.' Basi. Halafu akalia mpaka nikaogopa."

"Chebet, naomba niongee naye..."

"Huku kwangu akiweka chumvi ananiita nionje kama ameweka. Akifunga mlango ananiuliza kama amefunga. Unafikiri hiyo video itamrudishia hayo? Aliniambia ukweli akiwa kitandani, na mimi mtoto wake nikaamini wewe. Usipige hii namba tena."

Sijapiga.

Vikaragosi vya soksi nimevifungia kwa karatasi ya nailoni, viko juu ya kabati. Ile video niliyoongea juu ya mbuzi niliifuta mtandaoni, ingawa watu bado wananiuliza, "Teacher yuko wapi? Mlirekodi?" Siku hizi mtoto akiimba karibu na saluni naingia ndani kuosha taulo.

Ninyi mnaosoma, hasa vijana wenzangu wenye simu: ukimweka mzee wako mbele ya kamera, macho yako yawe kwake, si kwa picha yake. Yale ya utotoni yapende tu, lakini usiyafungulie sauti mpaka ya leo isisikike. Na zaidi ya yote, mzee akikuuliza, "Nilisema, sikusema?" na unajua alisema, tafadhali! Mwambie ulisema. Hata kama itakuangusha mbele ya watu. Mguu wa mtu unafungwa plasta. Ukimwambia mtu hakusikia kile alichosikia, plasta utaweka wapi?

Jana nilikuwa natoka kazini mapema, mvua imenyesha. Nilifika pale pa kuvukia nikiwa peke yangu. Chokaa imeisha kwa mawe, nyasi zimeyapanda. Nikaweka vidole vya miguu nyuma ya jiwe, kama zamani. Nikatoa vile vya muziki masikioni. Nikatazama huku, nikatazama kule kwa kona ya mikaratusi. Nikaweka mkono nyuma ya sikio.

Kulikuwa kimya kabisa. Nikangoja mtu aseme, "Vukeni, wanangu."

Nilingoja sana. Halafu nikageuka, nikazunguka na barabara ya juu, ile ndefu yenye daraja, nikaingia nyumbani nimelowa.