Kifaa Kilichokaa Mfukoni

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha minofu ya samaki, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye beringi ya kompresa na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Ndivyo tulivyopima mashine wakati huo. Beringi nzima huvuma sawasawa. Iliyoanza kuchakaa hukwaruza.

"Wiki hii usishike kitu," alisema. "Sikiliza tu."

Nilikuwa nimetoka kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba, ambako miaka kumi na miwili ya kelele bila kinga ilikuwa imeanza kuharibu masikio yangu. Ushirika ulipodhoofika tulipunguzwa kazi. Wakati huohuo watu binafsi walikuwa wakifungua viwanda vya sangara kando ya ziwa hapa Mwanza, nami kwa cheti changu cha kidato cha nne nikapata nafasi chumba cha mitambo. Kompresa husukuma gesi ya amonia kwenye mabomba, na mabomba hayo hugandisha vyumba vya baridi. Zilikuwa tatu, zikinguruma kutwa. Zilimalizia usikivu uliobaki.

Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba sikio la kulia limekwisha na la kushoto limebaki kidogo sana. Nikapewa kifaa cha kusaidia kusikia, cha kukaa nyuma ya sikio. Mtaalamu aliyenivisha hakunidanganya.

"Utapata sauti," alisema polepole, akinielekezea uso. "Maneno utayatafuta kwenye midomo. Kivae kila siku, uzoee."

Nyumbani Kirumba nilikivaa, na mke wangu akaacha kunivuta shati kila alipotaka kuniambia jambo. Betri zake, ndogo kama vifungo, nilizipata kwa fundi saa mjini. Lakini kila asubuhi nilipofika getini nilikivua, nikakifunga kwenye leso na kukitia mfukoni. Meneja Uzalishaji alikuwa akiandaa orodha ya watu wa kupunguzwa, na niliona fundi asiyesikia mashine angekuwa wa kwanza. Beringi nilizipima kwa kuuma mpini wa bisibisi, mtetemo ukapita kwenye meno. Wenzangu wakicheka kantini, nilicheka nao.

Sasa niwaeleze desturi ya bomba. Mara kwa mara ilibidi mtu aingie chumba cha baridi kubandua barafu iliyoganda kwenye feni. Kompresa ya chumba hicho ilizimwa, na feni ikasimama nayo. Kabla ya kuwasha tena, fundi aligonga bomba mara tatu na kungoja. Aliyemo ndani alijibu kwa kugonga mara tatu. Ukimya ulimaanisha hakuna mtu. Mimi nilikuwa naweka kiganja kwenye bomba na kulisikia jibu kwa mkono. Kwa miezi kadhaa njia hiyo haikuniangusha.

Siku hiyo Meneja alikuwa akinitazama kupitia kioo cha ofisi yake. Niliona kusimama nimeshika bomba kama mganga kungemshangaza. Nikagonga mara tatu, nikaondoa mkono, nikangoja, nikawasha.

Ndani alikuwamo Magesa, mpakiaji, mtu wa Nansio. Feni ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia.

Meneja aliniita mbele ya Fundi Mkuu. Swali lake nililisoma vizuri midomoni.

"Aligonga?"

"Sikusikia kitu, bwana."

Hakukuwa na neno la uongo hapo, na ule ndio ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Kifaa kilikuwa mfukoni. Magesa alisema aligonga, ila hakuwa na shahidi. Aliachishwa kazi kwa uzembe. Jina langu halikuonekana kwenye orodha, na nilifanya kazi pale mpaka nilipostaafu.

Vijana mnaovaa vifaa hivi mmenisikia nikiwasihi msivifiche kazini. Nimeona vema niwaambie sababu.

Mwaka niliostaafu nilipanda meli kwenda Nansio, kifaa kikiwa sikioni. Magesa alikuwa uani akishona wavu, mkewe akanikaribisha kiti. Nilimwambia yote. Aliendelea kushona mpaka nilipomaliza, kisha akainua uso ili nimsome.

"Nilijua, Masanja. Tulikuwa tukiongea ukiwa umetupa mgongo, hugeuki."

"Mbona hukuwaambia kwamba sisikii?"

"Kule hospitali nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Baadaye nikachoka kungoja."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Nilimuuliza tu swali ambalo Meneja aliniuliza mimi: aligonga?

Akaweka wavu chini. Kwa vidole vitatu vilivyobaki akagonga kibao cha kiti alichokalia.

Nilisikia zote tatu.