Tusajigwe na Kituo cha Kisiwani

Kwa siku tatu kituo cha kisiwani kilikuwa kikisikika, na Tusajigwe hakuwa amekiita hata mara moja.

Kisiwa chenyewe ni kipande kidogo cha mwamba, katikati ya Bahari ya Pasifiki, hakina mkazi. Wanaredio wa ridhaa wanne, watu wanaozungumza kwa redio kwa kujifurahisha tu, walikuwa wamepiga hema huko kwa siku tano tu, na wenzao wa dunia nzima walikuwa wakiwaita kwa mpigo, kila mtu akitaka kusema amewahi kuzungumza na mahali pale.

Tusajigwe alikuwa opereta wa simu miaka ishirini na sita. Alipostaafu alijenga nyumba mtaa wa Wazo, Dar es Salaam, akasomea leseni ya redio, akatundika waya kutoka pembe ya paa hadi kwenye mlingoti wa mianzi. Hakuwa na kingine.

Alfajiri ya siku ya nne, Nasser alikuja na pikipiki kutoka Kinondoni. Ana duka la vifaa vya umeme, na antena yake ndiyo kubwa kuliko zote katika klabu yao ya redio.

"Shikamoo mama. Mie nimeita mpaka sauti imekauka. Hawanisikii."

"Marahaba. Kaa. Umewasikiliza?"

"Nawasikia vizuri sana!"

"Sijauliza kama unawasikia."

Akampa spika moja ya masikioni, akafungua daftari. Siku tatu alikuwa ameandika kila aliyejibiwa, na alijibiwa kwenye masafa gani. Yule wa kisiwani hakuwa akisikiliza pale alipokuwa akisemea. Alisikiliza kwenye masafa ya juu kidogo, na kila akimaliza na mtu mmoja alipanda kidogo tena. Waliokuwa wakipiga kelele mahali pamoja walikuwa wakimwita mtu aliyekwisha kuondoka.

Jua lilikuwa linachomoza Wazo na kule linakaribia kutua, saa ambayo mawimbi husafiri mbali. Tusajigwe akapandisha masafa, akataja herufi za kituo chake mara moja, akasikiliza.

Yule wa kisiwani akajibu: "Kituo kinachoishia na Lima, rudia." Lima ni herufi L katika lugha ya redio.

"Ita tena, mama!" Nasser akamhimiza.

"Mimi siishii na Lima. Mwache mwenye zamu yake."

Mwenye Lima alikuwa Mjapani mmoja; akarudia, akajibiwa, akashukuru. Tusajigwe akapanda kidogo, akataja herufi zake tena, mara moja, bila haraka, kama alivyokuwa akitaja namba za simu za mikoani.

Kisiwa kikazitaja zote, bila kukosea hata moja. "Tano tisa," yaani anasikika safi kabisa.

"Tano tisa, asante," akajibu, akaachia kitufe. Aliandika saa na masafa kwanza. Ndipo akacheka, akacheka mpaka machozi.

"Kwa waya huu?" Nasser akasema, akiutazama mlingoti.

"Nenda nyumbani na antena yako kubwa. Leo usiite. Sikiliza tu."

Kesho yake, siku ya mwisho, Nasser alipiga simu kabla ya chai. Alikuwa ameita mara mbili tu, na kisiwa kikamjibu.

Mwezi huo klabu ilipokutana Ubungo, wanachama walimzunguka Nasser wakitaka kujua kafanyaje. Akavuta kiti mbele, akakipangusa.

"Muulizeni mwalimu wangu," alisema. "Mama Tusajigwe, karibu."

Tusajigwe akainuka, akaiweka sawa khanga begani, akaenda mbele na daftari lake.