Namba 7419 na shamba la Kavuo

Kavuo Vagheni alikuwa amekwisha kupanda maharagi alipoambiwa kwamba shamba huenda si lake.

Alilipata kwa kura. Ushirika wa wakimbizi wa Mutwanga, mashariki mwa Kongo, wengine wakiishi Butembo na wengine Beni, ulikuwa na mashamba arobaini kwa familia mia mbili. Wanande, kabila lao, hupewa majina kwa zamu ya kuzaliwa, na akina Kavira peke yao walikuwa thelathini. Kwa hiyo kila familia ilipewa namba.

Programu ya kura iliandikwa na Mathe Lusenge, fundi wa kompyuta mjini Butembo. Wanawake wanne wa Butembo walitaja tarakimu mojamoja hadharani: 7419. Mathe aliahidi kwamba yeyote atakayeingiza namba hiyo katika programu, popote, atapata orodha ileile.

Huko Bungulu, mjini Beni, mwalimu Jeannine Ngalula, mjumbe wa kamati, aliiingiza. Ikatoka orodha nyingine. Akapiga simu.

"Bwana Mathe, bamama ya huku banasema batu ya Butembo munajipendelea. Nibajibu nini?"

"Madame, ulirudilia?"

"Mara tatu. Mimi niko mwalimu wa hesabu, hapana mulaguzi."

Kompyuta hairushi dadu. Huanza na namba moja na kuzalisha nyingine kwa kanuni. Mathe alikuwa ametumia kanuni ya mfumo wa kompyuta, na kila mfumo una yake. Mashine mbili alizojaribia zilikuwa za mfumo mmoja.

Ilibidi kanuni iandikwe ndani ya programu yenyewe. Alijua tatu zinazofaa. Akazijaribu zote kwa 7419. Ya pili ilimwachia Kavuo shamba alilokwisha kupanda.

Kama angeichagua hiyo, hakuna ambaye angejua. Lakini kuchagua kanuni ukiwa umeona majina ni kuchagua majina, na wanawake wa Bungulu wangekuwa wamesema kweli.

Akaifuta 7419. Akachukua kanuni fupi kuliko zote, akamtumia Jeannine, wakalinganisha majibu ya majaribio elfu moja. Ndipo wanawake wanne wa Bungulu wakataja tarakimu mpya: 3068. Orodha mbili zilifanana mstari kwa mstari.

Kavuo hakuwemo. Mathe alikwenda mwenyewe shambani kumwambia.

"Mashini iliniona, sasa imenisahau?"

"Mama, ile ya kwanza ilikuwa kosa yangu."

"Kosa yako, jembe yangu." Maharagi yalikuwa yameota urefu wa vidole viwili. "Nani atayavuna?"

"Namba mia moja na kumi."

"Namba haina mukono ya kuvuna. Jina?"

"Kavira."

"Kavira gani?"

Mathe akaitazama orodha: 110, Kavira, basi.