Siku Walinipeleka Kuona Flamingo

Hapana, hakuna mtu alinisukuma kwa hiyo basi. Nilipanda na miguu yangu nikicheka, nimevaa sweta ya kanisa, nimebeba chupa ya chai. Hata nilishukuru. Msichana wangu alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mum, hawa wageni hawana mtu wa kuwachangamsha. Si ni wewe unajua kuchekesha watu." Nikaona nimeheshimiwa.

Wageni walikuwa watu wa Ireland. Huyo msichana, ndiye mmoja nilizaa, anaolewa na kijana wa huko. Kijana alikuja na baba yake na mama yake, na mashangazi, na majirani, basi mzima ya watalii, wazee wazee wa nyuso nyekundu kama wametoka tu kupuliza moto. Mahari ilikuwa iletwe hapa kwangu Molo siku ya Jumapili. Jumamosi wageni watembezwe, Jumapili tukae kwa mahari. Hivyo ndivyo niliambiwa. Kijana na wazazi wake walibaki kwangu, ati safari imewachosha. Tent nayo ilikuwa imeshaletwa asubuhi hiyo. Nikauliza, mbona mapema? Mdogo wangu wa kike, yule alisoma, anaongea kama mtu anasoma habari, akanijibu: "Mwenye hema ana shughuli nyingine kesho, dada."

Kwetu siku ya mahari, watu wa kijana wanamfunika mama ya msichana blanketi mpya mabegani, watu wote wakiona. Hiyo ni ya kurudisha ile ulibebea mtoto ikaisha. Yangu iliishia kwa shamba za viazi huko Kuresoi, mtoto mgongoni, jembe mkononi, baridi inauma, na baba yake ameshazikwa. Ikitoboka nashona na gunia. Sasa usifikirie nilitaka kitu ya kujifunika usiku. Za usiku niko nazo. Nilitaka nifunikwe.

Basi tukaenda. Kizungu ya hao watu si ile ya redio. Inapanda na kushuka kama barabara ya Sachangwan, halafu inaishia juu, huwezi jua kama ameuliza ama ameambia. Kulikuwa na kijana wa Nakuru wa kuelezea watu mahali. Akiongea na wazungu kwa maikrofoni, sauti inatokea puani, tamu kama ya mtu anakuuzia shamba. Akinigeukia mimi: "Shosh, kaa chini bana, ukianguka ni mimi nitafutwa kazi." Nikasimama nikamuiga zote mbili, ya pua na ya bana. Basi yote ikacheka, na hawakuwa wamesikia neno.

Kando yangu alikaa shangazi ya kijana, dada ya baba yake. Goti yake ni mbovu kama yangu, tukaonyeshana. Pale wanauzia viazi kando ya barabara aliomba basi isimame. Akachukua kiazi moja, akakwaruza ngozi na kidole gumba, vile mimi hufanya. Nikamwambia na Kiswahili yangu, "Hii imekaa sana, wameosha ndiyo ionekane mpya." Akairudisha. Kutoka hapo tukawa marafiki.

Kule Menengai, kwa lile shimo kubwa, upepo ulikuwa unataka kutubeba, akanishika mkono. Nikamuigia kaka yake: vile anapangusa masharubu kabla ya kuongea, anavuta pumzi kama anaingia maji baridi. Alicheka mpaka akatoa machozi. Hiyo ya masharubu nilikuwa nimeifanya jana yake jikoni, na mwenyewe akaingia akanipata. Alicheka pia, akanionyesha mahali nimekosea. Msichana wangu hakucheka. Aliosha kikombe moja muda mrefu sana.

Flamingo zilikuwa mbali, ndani ya maji, kama nguo za mtoto mtu ameanika. Nilikuwa nawamiminia chai wakati simu ya shangazi ililia. Akaangalia, akafurahi, akaniletea hapa karibu na macho.

Ilikuwa boma yangu. Tent imejaa watu. Kondoo amefungwa kwa mti wangu wa mapera. Msichana wangu amevaa za kuolewa, na kando yake ni mdogo wangu, amekaa kwa kiti yangu, kidevu juu. Mabegani ako na blanketi ya bluu, mpya, bado iko na mikunjo ya dukani.

Shangazi akaniuliza kitu. Mimi nikamwangalia yule kijana wa maikrofoni.

"Shosh, anasema pole vile umekosa," akasema, na sauti ya pua haikuwa. "Anasema waliambiwa ni mila yenu, mama ya msichana anakaa mbali mpaka mahari iishe. Anauliza kama ni hivyo."

"Waliambiwa na nani?"

Akauliza. Akajibiwa. Akaangalia flamingo kwanza.

"Na msichana wako."

Shangazi alikuwa bado anatabasamu, ameshika simu, anangoja.

"Mwambie ni hivyo," nikasema. "Mwambie ni mila."

Njia ya kurudi waliniomba nimuige kijana wa maikrofoni tena. Nilijaribu. Ikatoka sauti yangu tu, nikawaambia nimelala.

Tulipata tent inakunjwa. Mdogo wangu alikuwa jikoni, karibu na moto, jasho inamtoka na blanketi hajatoa. "Karibu dada. Mliwaona flamingo?" Nikampita. Msichana wangu alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria kubwa ya pilau.

"Mahari yako imeliwa?" nikamuuliza.

"Imeisha vizuri, Mum."

"Na mimi?"

Akasugua. Nikafikiri atasema ni shangazi zake, ama ni wazee, ama ni mdogo wangu alimlazimisha. Nilikuwa nimeshajipanga kuamini yoyote ile angeleta.

"Ungewaiga," akasema. "Unaiga kila mtu. Nilitaka kuwa na mama mwingine, hata kama ni siku moja."