Karanga Moja Iliyonitoa Kitandani

Haya ningeyaficha, ila korido siku ile ilijaa watu na watu wana midomo, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe, Nyanzala, mtu mzima na mvi zangu, nilivyoumbuliwa na karanga moja.

Jino langu la nyuma lilivunjika, mizizi ikabaki ndani ya fizi, taya likavimba kama nimeficha limau, zahanati ya kwetu Bukene wakasema Tabora mjini watanipasua na nitachomwa dawa ya usingizi. Tulipokwenda kuandikishwa huko mjini, Nesi Pili (mtoto wa mzee Maganga, mama yake ni Kashinje, nawajua wote) akaniambia mbele ya mjukuu wangu Kabula, "Bibi, kuanzia usiku usile kitu, na asubuhi vilevile. Kidonge cha presha kimeze kwa funda dogo la maji, basi. Na uje na mtu wa kukurudisha." Nikasema nimeelewa, na kweli nilielewa.

Sasa, kwa kuwa Bukene ni mbali, tulifikia kwa Bi Salma, mama wa mke wa mwanangu Shija. Wale ni Waarabu wa Tabora, wafanyabiashara tangu mababu, nyumba inanukia udi, na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kulala kwao. Kwetu mgeni wa ukweni akirudisha sahani kama ilivyokuja, maana yake ana neno na mwenye nyumba. Tena nikaona haya kutaja jino bovu, nikasema nimekuja kupimwapimwa tu, na usiku nikasingizia uchovu nikalala bila kula. (Hapo ndipo nilipoharibu, mengine yote yalifuata.)

Asubuhi Kabula katoka kutafuta bajaji, huyo Bi Salma na bakuli. Michembe! Viazi vyetu vitamu vya kukausha, kavichemsha laini, na karanga za kukaanga juu yake.

"Mkwe, nimekwenda kuulizia sokoni vinapikwaje, kwa ajili yako. Onja uniambie kama nimepatia."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikaonja. Nikaonja tena kwa heshima, heshima ikaendelea mpaka bakuli likawa jeupe.

Hospitali Nesi Pili akauliza, "Bibi, umekula?"

"Sijala."

"Hata chai?"

"Hata chai!" (Hapo nilisema kweli.)

Na Kabula, maskini, akadakia, "Hajala, mimi shahidi!"

Wakanivalisha lile gauni la kufungwa mgongoni, nikapanda kitandani, akaja Daktari Kashindye, kijana mpole, shikamoo bibi, marahaba baba, fungua mdomo nione. Akamulika. Akaingiza kikoleo, akatoa kitu, akakiinua kwenye taa.

"Bibi, hii karanga ni ya lini?"

"Ya jana, baba."

"Jana saa ngapi?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikacheua, michembe yote ikamnukia usoni. Na kilichotutenga na korido ni pazia tu, nikamsikia mzee mmoja huko nje, "Jana yenyewe bado ya moto!" Korido nzima ikaangua kicheko, na Kabula akajifunika kanga yangu kichwani.

Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akasema taratibu, "Bibi, ukilala kwa dawa hii, koo nalo linalala. Chakula kikipanda kutoka tumboni hakuna wa kukizuia, kinaingia kwenye mapafu. Tungeweza kukupoteza hapahapa."

Kicheko sikukisikia tena. Miaka yote hii nalala, nakoroma, naota, kumbe hapa kooni kuna mlinzi anakesha, na sijawahi hata kumjua! Nikashika shingo yangu kama nashika shingo ya mtu mwingine.

Nikarudishwa na taya langu, wakanipangia siku nyingine. Bi Salma nilipomweleza alikaa chini palepale mlangoni.

"Ningekuua kwa mikono yangu, mkwe! Sisi watu wa Ramadhani, wewe unaogopa kutuambia umefunga?"

Siku ile ilipofika jiko halikuwashwa. Bi Salma akajitanda, akasema, "Leo tumefunga wote," akaja akakaa na Kabula kwenye benchi. Na mimi, jamani, nilikuwa namtazama Daktari Kashindye akivaa glovu, nikafumba macho, nikafumbua, mizizi imetoka! Hakuna ndoto, hakuna giza, kama kipande cha siku kimekatwa kwa mkasi na mimi ndani yake. Nilikuwa wapi? Nani alinishikia pumzi yangu? Mpaka leo nikiwaza nasisimka.

Nilipotolewa, Bi Salma midomo imemkauka.

"Umekunywa maji, mkwe?" nikamuuliza, nusu ya mdomo imekufa ganzi.

"Nakungoja wewe."

Nesi Pili aliporuhusu, tukanywa uji uliopoa, mimi na yeye.

Siku hizi nikiulizwa hospitali nimekula nini, nataja mpaka pipi, na aliyenipa namtaja jina.